Sevu ya Chini

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii zamu ya tafakari imeniangukia mimi na kwakweli nilishaandaa kitu kingine kabisa, nilikuwa niwaandikie kuhusu Nehemia na ule ukuta, nimeshajaza ukurasa mmoja na nusu kwenye daftari, alafu Jumapili jioni mpwa wangu anaesoma chuo hapa Mtwara akaja nyumbani Shangani kula, tukiwa tunanawa akasema mjomba hebu njoo uone huyu kijana. Simu yenyewe kioo kimepasuka kama ramani. Nikamwambia mi tenisi siijui, mpira wa tenisi ninaoujua ni ule dada zetu walikuwa wanachezea rede, umeshachunika manyoya yote unang'aa kama kichwa cha mzee. Akasema we kaa tu utaelewa. Basi Nehemia nimemuweka pembeni, ukuta hauendi popote.

Kijana mwenyewe anaitwa Michael Chang. Sa hivi si kijana tena, kazaliwa 1972 huko New Jersey Marekani, wazazi wake Wachina waliotokea Taiwan, na raketi alishaitundika tangu 2003. Ila kwenye ile video ana miaka 17. Hebu tulieni hapo kidogo, 17, ni umri wa hawa wanetu wa kidato cha nne ambao ukimtuma dukani anarudi baada ya saa mbili. Yupo Paris mwaka 1989, mwezi wa sita, kwenye uwanja wa Roland Garros, chini kwekundu kabisa, mi nikadhani ni udongo kama ule wetu wa juu Newala kumbe wanasaga matofali wanamwaga. Soksi zinakuwa nyekundu vilevile lakini.

Upande wa pili kasimama Ivan Lendl. Huyo ndo alikuwa namba moja duniani, na hapo Paris peke yake alishachukua kombe mara tatu. Mtu mzima, mrefu, sura haicheki. Chang ni mfupi, sentimita 175, kwenye mchezo ambao urefu ni mtaji. Kwa wasiojua kama mimi, wanaume kwenye mashindano makubwa wanacheza mpaka mmoja apate seti tatu, na kila seti ina michezo midogo ndani yake, anaewahi kufikisha sita kwa kawaida ndo anaichukua. Lendl akachukua ya kwanza 6-4, ya pili 6-4. Yaani imebaki moja mtoto aende kwao. Mtoto akachukua ya tatu 6-3. Akachukua na ya nne 6-3. Hapo ndo misuli ikaanza kukaza.

Nyie mliowahi kukazwa na msuli wa mguu usiku mnajua, unaamka unamuita mama na mama alishafariki. Sasa huyu kakazwa miguu yote mbele ya uwanja uliojaa watu, na mechi haijaisha. Wenzake wakati wa kupumzika wanakaa kwenye kiti, yeye anasimama maana akikaa hatoinuka. Anakula ndizi, anakunywa maji, anarudi. Mipira anairusha juu juu tu ili apate muda wa kupumua. Kwenye seti ya tano akiwa anaongoza 2-1, kuna mahali anaanza kutembea kumfuata mwamuzi amwambie basi, nimeshindwa, naomba niende. Mwenyewe alikuja kuieleza baadae, kwamba pale moyoni alichomwa, akaona Mungu anamzuia, kazi yake sio kuamua nani anashinda, kazi yake ni kumaliza. Akageuka akarudi kucheza.

Sasa fika kwenye 4-3, zamu ya Chang kusevu, yaani kuanzisha mpira. Kusevu mnavyoona kwenye tivii mtu anarusha mpira juu, anajikunja kama upinde, anaupiga kwa nguvu zote. Chang hana hizo nguvu. Miguu imegoma. Basi akafanya kitu ambacho mpwa wangu alirudisha nyuma mara nne nikione, akaushika mpira akaupiga kwa chini, taratibu, kama unavyomrushia mtoto wa miaka minne. Uwanja mzima ukashangaa. Sheria inaruhusu ila mkubwa gani anafanya hivyo? Ni sevu ya watoto, ni sevu ya mgonjwa. Lendl alishangaa, akaja mbele, na ile pointi akaikosa. Mwisho wa yote Lendl mwenyewe ndo alikosea sevu mbili mfululizo, Chang kamsogelea karibu kabisa kumsumbua, mechi ikaisha 6-3. Masaa manne na dakika 37. Mtoto akaanguka chini analia.

Nilipoona ile sevu ya chini nikamkumbuka Mzee wangu.

Wengi mnamfahamu Mzee, wengine amewabatizisha mkiwa wadogo, kasimama kama shahidi wenu. Zamani huyu akipewa kufungua ibada kwa sala mnajua mtakaa. Alikuwa anaanzia uumbaji, anapita Misri, anapita Babeli, anaombea rais, mkuu wa mkoa, wasafiri wa baharini, wagonjwa wa Ligula kitanda kwa kitanda, watoto wanalala wanaamka bado yupo. Tulikuwa tunamcheka pembeni ila tulikuwa tunajivunia. Alafu mwaka juzi akapata kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi sawasawa na maneno hayatoki. Sasa hivi sala yake yote ni "Asante Baba". Basi. Anafumba macho, anahangaika na mdomo kama dakika nzima, inatoka "Asante Baba", anafumbua. Na mimi nakiri mbele yenu, kuna siku wageni walikuja nyumbani nikawahi kusali mimi kabla hajaombwa, kwasababu niliona aibu. Sio yeye, mimi ndo niliona aibu, aibu ya sevu ya chini.

Paulo anasema alimsihi Bwana mara tatu ule mwiba umtoke. Mara tatu wapendwa, Paulo, mtu ambae leso zake ziliponya wagonjwa. Na jibu alilopewa halikuwa ndio. Ni "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu", 2 Wakorintho 12:9. Mi huo mstari nimeusoma misibani miaka nenda rudi na nilikuwa nauelewa kama maneno ya kumbembeleza mtu aliyekosa. Kama vile Mungu anasema pole, chukua hiki kidogo. Sasa nauona tofauti. Mpira uliopigwa kwa chini nao ni mpira halali, mwamuzi anauhesabu, hauhesabiwi nusu.

Lakini nisiishie hapo maana najua tafakari nyingi zingeishia hapo, kijana akaamini, kijana akashinda, amen, sadaka. Na kwakweli alishinda, siku chache baadae fainali akamtoa Stefan Edberg kwa seti tano, akawa mwanaume mdogo kuliko wote kuwahi kuchukua moja ya yale mashindano makubwa manne ya tenisi, yaani Australia, Paris, Wimbledon na New York, rekodi ipo mpaka leo, na Mmarekani wa kwanza mwanaume kushinda pale tangu 1955. Akapewa maiki akamshukuru Yesu mbele ya watu wote. Na ilikuwa ni wiki ile ile ambayo Wachina walikuwa kwenye msiba mkubwa, mambo ya Beijing pale Tiananmen, jeshi lilipowapiga risasi waandamanaji, mechi na Lendl ilichezwa tarehe 5 mwezi wa sita, siku moja tu baada ya tarehe 4. Mwenyewe anasema anaamini Mungu alitaka watu wa damu yake wapate hata kitu kidogo cha kuwafanya watabasamu. Sawa.

Ila mi nilimuuliza mpwa wangu, baada ya hapo akashinda mangapi makubwa? Akaangalia angalia akasema hamna mjomba. Nikasema angalia vizuri. Hamna.

Hamna! Kijana wa miaka 17 anamshukuru Yesu hadharani, alafu anacheza miaka 14 mingine, anaamka asubuhi, anakimbia, kaka yake Carl anamfundisha, anafika mpaka namba mbili duniani, anachukua makombe 34 ukijumlisha yote, lakini la ukubwa ule halirudi tena. Fainali alifika. 1995 hapo hapo Paris, akafungwa na Thomas Muster. 1996 mwanzoni Australia, akafungwa na Boris Becker. Mwaka huo huo New York, na hapo angeshinda angekuwa namba moja duniani, akafungwa na Pete Sampras. Na huyu Sampras sikilizeni, mwaka ule ule wa 1989 Paris raundi ya pili, Chang alimfunga 6-1, 6-1, 6-1. Alimchapa kama ngoma. Sampras huyo ndo akaja kuchukua makubwa 14. Yaani unakaa unamuangalia mtu uliyemchapa mkiwa na miaka 17 anabeba baraka ambayo we ndo ulikuwa unaiomba. Jamani tuseme ukweli, wangapi tungebaki kanisani?

Hapa ndo nina ugomvi kidogo na sisi wahubiri wa mitandaoni. Hiyo ya Lendl tunaihubiri mpaka inachakaa, mtumikie Mungu utamuangusha jitu lako. Ya 1996 hatuigusi. Kwani upande wa pili wa neti hakukuwa na mtu mwenye mama anaemuombea?

Niseme la kwangu. Mnakumbuka msimu ule wa 2017, korosho mnadani imevuka 4,000 kwa kilo, Newala na Tandahimba watu hawalali, pikipiki mpya kila kona. Mimi nina mikorosho ya urithi upande wa Kitangari, sio mingi. Mwaka ule ilinibeba. Nikabadilisha bati, nikalipa ada, nikasimama mbele kanisani nikashuhudia dakika ishirini, mchungaji akaangalia saa mara mbili. Nikasema Mungu wangu si wa mchezo. Baadae ukaja mwaka ambao ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, uliishika mikorosho yangu. Salfa, ile dawa yake ya unga, nilichelewa kupuliza, niseme tu hela ya salfa ilikuwa imeenda kwingine, na ile kitu inataka upulize alfajiri kukiwa na umande, na maua yakishaanza kuwa na vumbi jeupe umechelewa. Maua yakanyauka yote. Nilivuna magunia mawili. Na mwaka ule mliniona nikisimama kushuhudia? Hamkuniona. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, wakisema mwenye ushuhuda nainama nafunga kamba za viatu, na siku hiyo nimevaa ndala.

Habakuki anasema mtini usichanue, mizeituni itaabishe bure, mashamba yasitoe chakula, "walakini nitamfurahia BWANA". Habakuki angekuwa mtu wa Newala angeanza na mkorosho, nina uhakika. Nimeona kwamba lile neno walakini ni zito kuliko dakika ishirini zangu zote za 2017. Na Chang nae ushuhuda wake kwangu mimi haupo pale alipobeba kombe, upo kwenye ile miaka 14 ya walakini. Alifungwa New York mwaka 1996 na hakubadilisha alichokisema Paris. Alistaafu 2003, mwaka 2008 wakamuingiza kwenye jumba la heshima la tenisi, alafu 2014 akaanza kumfundisha Mjapani mmoja, Kei Nishikori, mwaka huo huo wakafika fainali New York. Na huko nako wakafungwa. Nilicheka hapo, samahani, mpwa wangu nae akacheka.

Sasa wapendwa mi sijui we umebaki na nini wiki hii. Najua mmoja wetu hapa anauguza, na mwingine amerudi nyumbani bila kazi anaona aibu hata kuja kwaya kwasababu ya nauli na sare. Kuna mama aliniambia siku hizi hawezi kusali zaidi ya kusema jina la mwanae alafu analia. Mama, hiyo ni sevu, imevuka neti.

Tuombe. Baba, tunakuja na kilichobaki. Tulikuwa tunataka kuja na kingi, hakipo. Pokea hiki. Na yule aliyekaa karibu na mlango anafunga kamba za ndala, mwite kwa jina lake. Kwa jina la Yesu, amen.

Jumatano ibada ni kwangu Shangani saa kumi na moja jioni, mwenye mkeka wa ziada aje nao maana mara ya mwisho vijana walikaa kwenye ndoo. Nimeongea na Mzee, atafungua yeye kwa sala. Wahini.