Ile sensa ya sukari ku mukono, inapimaka nini kweli?

Yaya yangu mukubwa yuko na maladi ya sukari, na mutoto wake wa Bruxelles akamutumia sensa, ile kiduara ya kubandika nyuma ya mukono, unapitisha telefone chifre inatoka. Sasa mu parsele kila mutu anapita anauliza "yaya, iko ngapi?" na kila mutu njo munganga.

Kwanza, haisomaka damu. Kale kawaya kenye kuingia chini ya ngozi kanakaa mu maji yenye kuwa kati ya seli, na sukari inatoka kwanza mu damu mbele ya kufika pale, kwa hiyo chifre inakawiaka dakika kadhaa, sanasana kama sukari inapanda ao inashuka mbio. Yaya akimaliza bukari yake anapima palepale, anafurahi. Ngoja kidogo, yaya!

Mi nilifanyaka kazi mu elektrolizi ya shaba, kule tunasukuma umeme maelfu ya ampere juu shaba ishike ku katodi (ile bamba ya upande wa hasi). Sensa nayo iko na elektrodi zake (vile vichuma vyenye kupitisha umeme), ila hapa hatutafute kitu cha kubeba, tunasoma tu umeme wenye kutoka, na ule umeme ni wa nanoampere, yaani ampere moja umeikata vipande bilioni. Unatoka wapi? Ku elektrodi banapakaka anzimi (kimeng'enya) yenye jina glukozi oksidezi, banaitoaka mu kuvu ya Aspergillus niger, ile nyeusi yenye kuharibishaka vitunguu. Inashika sukari tu, inaacha bingine byote. Ikishika sukari na oksijeni inatosha peroksidi ya hidrojeni, ile dawa yenye kutosha povu ku kidonda, na peroksidi ikifika ku elektrodi ya platini yenye volti karibu 0.6 inaacha elektroni. Sukari mingi, peroksidi mingi, umeme mingi. Leland Clark na Champ Lyons, Bamarekani, njo balileta ile wazo ya kuweka anzimi ku elektrodi mu 1962.

Anzimi yenyewe haina shida. Shida ni ile volti, juu ku 0.6 hata parasetamoli inaachaka elektroni zake, na mashini haijue elektroni hii imetoka wapi, inahesabia yote kuwa sukari. Na hapa Lubumbashi nani anapataka malaria bila kumeza parasetamoli? Sensa za kampuni Dexcom, G4 na G5, zilikuwa na ile shida, G6 banaiwekea ngozi ya kuzuia, inavumilia mpaka gramu 1 kila saa 6. FreeStyle Libre, sensa ya kampuni ingine, inapita njia ingine, anzimi imefungwa na osmiumu (chuma) yenye kubeba elektroni moja kwa moja, volti iko chini, parasetamoli haiisumbue sana. Ila vitamini C inaisumbua, ukipitisha miligramu 500 kwa siku chifre ya Libre 2 inaweza kupanda bure, na bile bidonge bya kutoka povu mu kilasi mingi biko na 1000!

Sasa fikiria mutu wa insulini. Anaona 240 (miligramu mu desilita moja), kumbe iko 150, anajidunga ya 240. Njo pale inakuwa hatari, juu sukari ya kushuka inaangusha mutu mu dakika chache.

Kuna na ile ya kulalia mukono. Usiku moja telefone ya yaya ikalia, 54, yaani sukari iko chini sana, nyumba yote ikaamuka, mama mukubwa anakoroga sukari mu maji anasali, batoto banalia. Nikasema tutoboe kidole kwanza: 118. Alikuwa amelalia ile upande, maji ya pale chini ya ngozi yakabanwa, sukari haikufika vizuri ku elektrodi. Kisha kugeuka, chifre ikapanda yenyewe. Mama mukubwa akakunywa ile maji yake ya sukari, asema haiwezi kupotea.

Kwa hiyo kwetu tulipatana hivi: kama chifre haifanane na vile mutu anajisikia, ao amemeza dawa ya homa, tunatoboa kidole mbele ya kugusa insulini. Lakini kama anatetemeka na jasho inatoka, tunamupa sukari, kidole kitafuata. Bandeleti (bile bikaratasi bya kupimia damu ya kidole) tunaziweka mbali na jua na mbali na moto ya makala, juu ku bandeleti nako kuko anzimi, na joto inaiharibisha. Sensa yake inaishaka ku siku 14, ingine haiyafika.