Mkaa wa vifuu: wateja wangu walikuwa vifaranga

Gunia la kwanza nilimuuzia wifi yangu, akalirudisha siku ya pili likiwa limepungua vipande sita. "Wifi, usikasirike," aliniambia. "Nimewasha tangu saa kumi na moja alfajiri, watoto wameondoka bila chai." Nikamrudishia hela yake, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba kulitazama lile gunia. Hiyo ilikuwa 2021, na nilikuwa nimeshakula akiba yangu yote.

Wazo lenyewe lilitokana na shangazi yangu, ambaye anakuna nazi kwa mashine sokoni Mbagala, Dar es Salaam. Kila jioni pale kwake panabaki kilima cha vifuu. Vingine wanachukua wapishi wa jirani kuwashia moto, vingine vinakwenda dampo pamoja na maganda ya ndizi. Upande wa pili wa barabara, malori yanashusha mkaa wa Kilwa, Rufiji na Handeni, gunia juu ya gunia, miti ambayo hairudi haraka. Nikajiuliza kwa nini mji unaotupa vifuu unafuata mkaa mbali namna ile. Swali lilikuwa zuri. Jibu langu la kwanza ndilo lililokuwa bovu, maana nilianza na makumbi ya dafu kwa sababu yalikuwa mengi zaidi. Makumbi ya dafu yamejaa maji. Nilianika wiki mbili, nikachoma, nikapata moshi wa kuita mtaa mzima na ndoo moja ya majivu.

Kifuu kikavu ni habari nyingine. Unakipanga kwenye pipa la lita 200 lililotobolewa chini, unawasha, moto ukishakamata vizuri unaziba matundu kwa udongo na kufunika juu ili hewa isiingie. Hewa ikiingia unapata majivu badala ya mkaa. Asubuhi unafungua, unasaga, unachekecha, unachanganya na uji wa wanga wa muhogo, unafyatua, unaanika. Magunia manne ya vifuu yalikuwa yananipa kama gunia moja la mkaa. Mashine ya kwanza ilikuwa ya mkono, fundi wa Gerezani aliniundia mfano wa ile ya kusagia nyama, na mkono wangu wa kulia mpaka leo unaikumbuka. Kipimo changu cha wanga kilikuwa kudondosha kipande kikavu kutoka usawa wa kiuno. Kikipasuka, uji ulikuwa mwepesi. Kisipopasuka lakini kikitoa moshi jikoni, nimezidisha.

Sasa kwa nini wifi alishindwa kuchemsha chai? Kwa sababu mkaa uliobanwa ni mzito kushika moto. Ukishashika hauna haraka, unaungua polepole, na mpishi wa chai ya asubuhi hahitaji kitu kama hicho. Nilizunguka nyumba kwa nyumba miezi minne nikieleza habari za misitu. Watu walikuwa wananisikiliza kwa adabu kabisa, wananikaribisha maji, halafu wanakwenda kununua sado lao la mkaa wa kawaida dukani. Siwalaumu. Mtu mwenye elfu mbili mkononi na sufuria ya ugali inamsubiri hanunui msitu.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja wa Chamazi anayefuga kuku wa nyama. Alichukua nusu gunia kwa mkopo, kwa kunionea huruma nadhani, akanipigia saa mbili asubuhi akicheka. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 usiku na mchana, kwa hiyo mfugaji mwenye bruda ya mkaa, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto la jiko, anaamka saa saba, anaamka saa tisa, anaamka saa kumi na moja kuongeza. Yeye alijaza jiko saa tatu usiku, akalala, alipoamka kwa adhana moto ulikuwa bado upo. "Dada, mimi nimelala! Una gunia ngapi?"

Nilikuwa na mawili. Ndani ya mwezi mmoja nikawa na wafugaji kumi na mmoja, wote wameambiana wenyewe. Baadaye wakaja wachoma mishikaki na mama mmoja anayechemsha maharage na makande ya kuuza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuniuliza kuhusu miti. Nimeacha kuieleza, isipokuwa nikiulizwa.

Jambo moja nalisema kwa kila mteja mpya kabla sijapokea hela yake: usifunge banda. Mkaa huu hauna moshi, na hapo ndipo hatari inapojificha, kwa sababu ile hewa ya sumu haina rangi wala harufu. Mteja wangu mmoja alishusha maturubai pande zote usiku wa baridi, asubuhi akakuta vifaranga wamekufa, akanipigia simu kunitukana. Nusu ya matusi yale nilistahili, maana sikuwa nimemwambia. Na chumba cha kulala ni vilevile. Jiko la mkaa, uwe wa mti au wa kifuu, halilali ndani na watu.

Sasa nieleze lile ninaloona aibu kulieleza. Nilipoanza kununua vifuu kwa wingi, wakuna nazi wakavipangia bei. Mwanzo bure, kisha mia tano gunia, kisha elfu moja. Hilo nililitegemea, kitu kikipata mwenyewe kinapata na bei. Nisilolifikiria ni bibi mmoja anayechoma mihogo pembeni ya soko, ambaye kwa miaka alikuwa akiokota vifuu vya bure kuwashia jiko lake. Alikuja akasimama mbele ya gari nililokuwa napakia, akaniambia kwa upole tu, "Mwanangu, umenichukulia moto wangu." Mimi niliyekuwa najisifu kwamba biashara yangu inasaidia jamii! Nilimwomba aje tufanye kazi pamoja ya kuanika, akakataa, ana kazi yake. Tukakubaliana kwamba kila Jumamosi magunia mawili ya kwanza ninayonunua yanashushwa kwake. Kwenye daftari nimeyaandika kama gharama ya malighafi, kwa sababu ndivyo yalivyo.

Majirani nao walinishitaki serikali ya mtaa kwa sababu ya moshi wa pipa, na walikuwa na haki. Nikahamishia uchomaji kwenye kiwanja cha kukodi kule Vikindu, nyumbani ikabaki kufyatua na kuanika. Nauli ya pikipiki ya miguu mitatu ikala faida ya miezi miwili.

Adui mkubwa kuliko wote ni masika. Mvua za Machi hadi Mei zinaharibu barabara za mashambani, mkaa wa kawaida unapanda bei, wateja wanakutafuta wenyewe, na wewe vipande vyako vimelala vibichi vinaota ukungu. Masika ya kwanza nilipoteza mkaa wa karibu magunia thelathini. Mwaka uliofuata nikajenga chanja za mirunda za ghorofa tatu, juu nikafunika nailoni nyeupe, pande mbili nikaacha wazi upepo upite. Jua la siku nne likawa la siku tatu, na siku za mvua angalau vinakauka kidogo kidogo. Ningeanza upya leo, ningejenga chanja kabla ya kununua mashine.

Kuhusu hela. Mwanzoni mwa 2023 tuliunda kikundi cha wanawake kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Tukakamilisha karatasi zote, na Aprili mikopo ile ikasimamishwa nchi nzima. Kikundi kikageuka kuwa upatu, na ni upatu ule ulioninunulia mota ya umeme. Nashukuru kwa namna fulani, maana deni la wanawake wenzako unalilipa usiku haujaisha.

Kilichokaribia kuniua ni mteja mkubwa. Serikali ilipoagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa wa miti, shule moja ya bweni ikanitafuta. Wakaniuliza kama mkaa wangu ni ule wa makaa ya mawe, nikawaeleza ni vifuu, wakafurahi, wakachukua tani moja. Malipo yalikuja baada ya miezi mitano. Katika miezi hiyo wafugaji wangu wanaolipa taslimu walikosa mkaa, watatu wakahama moja kwa moja. Sasa taasisi inalipa nusu kabla gari halijawashwa, au tunabaki marafiki.

Leo tuko wanne, shangazi akiwa mnunuzi wetu wa vifuu sokoni na mkali kuliko mimi kwenye mizani. Tunauza magunia sitini hivi kwa mwezi, masika arobaini. Wifi amerudi kuwa mteja. Anachukua sado moja kila mwisho wa mwezi, wa maharage tu. Chai anachemshia gesi.