Kipilefti ya Kigali haiendi kushoto

Jirani yangu hapa Kahama ni dereva wa semi, anapiga Dar hadi Kigali mwaka mzima. Nilimkuta kijiweni anakunywa kahawa, nikamwambia likizo ya Juni nampeleka mama Asia na watoto kutembea Rwanda, kwa Noah yetu hii hii. Nilidhani ataniuliza matairi au breki. Hakuuliza. Alitema punje ya tangawizi akasema:

“Mzee, huku kwetu dereva anakaa katikati ya barabara. Kule dereva anakaa mtaroni. Siku ukitazama ukaona mama Asia ndiye yuko mtaroni, simama. Umeshapotea.”

Nilicheka. Baadaye usiku nikachora kwenye karatasi nikaelewa. Gari letu usukani uko kulia. Tanzania tunapita kushoto, kwa hiyo dereva anakuwa upande wa mstari wa katikati na abiria wa mbele anakuwa upande wa majani. Rwanda wanapita kulia. Ukiingia na gari la usukani wa kulia, mambo yanageuka: dereva unahesabu migomba na mifereji, mkeo ndiye anayepishana uso kwa uso na malori.

Karatasi sizisimulii sana maana hazikunisumbua. Hati za kusafiria za watu watano, leseni, kadi halisi ya gari (jina langu, kama gari si lako beba barua ya mwenye gari), na kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika; kadi yenyewe ni bima ya gari ya kuvukia mipaka. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau. Tanzania ilijitoa COMESA tangu 2000, ila kwenye mpango wa kadi ya njano bado imo, na unaikata kwa wakala wako wa bima kabla hujaondoka. Ukigonga mtu au mali ya mtu huko ugenini, ndiyo inayobeba. Gari lako mwenyewe haikulipii, kwa hiyo isikupe kiburi.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Ushirombo, Runzewe, Nyakanazi, chai Lusahunga, Nyakahura, Benaco. Rusumo unashuka bonde lenye kona, foleni ya malori imejipanga pembeni, utingo wamelala chini ya matela, halafu ghafla unasikia maji. Hayo ndiyo maporomoko ya mto Kagera, na daraja liko juu yake. Mpaka wenyewe ni wa kituo kimoja tangu 2016: unavuka, halafu shughuli za nchi zote mbili unazimalizia upande unaoingia. Watoto walitaka picha ya maporomoko. Mimi nilikuwa nawaza mahali pa kuhamia kulia. Mwisho niliamua kumfuata lori aliyekuwa mbele yangu. Alipohama, nikahama. Sikuona mstari wala ngoma iliyopigwa.

Afisa aliyetugongea mihuri alikuwa akiongea Kiswahili safi kuliko changu chenye Kisukuma ndani yake. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini kuisoma habari ni kitu kimoja na kuambiwa “shikamoo mzee, safari njema, kaa kulia” dirishani ni kitu kingine. Akanikumbusha pia nirudishe saa nyuma kwa saa moja. Hapo nilifurahi nikidhani nimepata saa ya bure. Kumbe giza nalo linawahi: kule saa kumi na mbili jioni kwa saa yao ndiyo jua linaaga. Hilo lina maana kwa dereva mgeni, na sababu yake ni taa.

Taa za gari letu zimetengenezwa kumulika zaidi kushoto, kwenye mtaro wa kwetu, ili zisimpofushe anayekuja. Ukipita kulia, ule mwanga wa kushoto unakwenda moja kwa moja machoni mwa mwenzako. Jirani alinipa rolu la tepu nyeusi ya umeme na kunionyesha pa kubandika kipande kwenye kioo cha taa. Nilibandika, lakini uamuzi wangu ulikuwa mwingine kabisa: usiku hatutembei. Mgeni, upande usio wake, taa zimezibwa tepu, baiskeli zisizo na riflekta. Hapana.

Jambo ambalo hata jirani hakulisema ni mlango. Noah ya zamani ina mlango mmoja tu wa kuburuta, nao uko kushoto. Nyumbani ni raha, watoto wanashukia kwenye majani. Tulisimama mara ya kwanza Kirehe, nimepaki vizuri kulia, nikasikia mlango unaburutwa “grrrr” na mdogo wetu mguu mmoja uko nje, kwenye lami, basi linakuja. Mama Asia alimkamata ukosi wa shati. Kuanzia hapo ikawa sheria: mlango wa kuburuta hauguswi barabarani. Nashuka mimi kwanza, wao wanapenya katikati ya viti vya mbele na kutokea mlango wangu, mmoja mmoja kama kuku wanatoka tenga. Watu walikuwa wanatutazama wanacheka. Wacheke.

Kuovateki nako kulitaka mafunzo. Uko nyuma ya semi, umekaa kulia, umebanwa na mtaro. Mbele huoni kitu isipokuwa mgongo wa tela. Ili uchungulie lazima nusu ya gari iwe upande wa wanaokuja, yaani uchungulie kwa kumtanguliza mkeo. Tukakubaliana mama Asia awe macho yangu. Alijiegemeza dirishani kwake:

“Bado… bado… kuna Hilux… bado… baiskeli… sasa!”

“Sasa ya twende au sasa ya subiri?”

“Ilikuwa ya twende. Imeshapita.”

Ilibidi tuchague neno moja tu, “peupe”. Kama hajasema peupe, sitoki. Hata aliposema, mara mbili nilibaki nyuma ya lori kwa kuwa mbele kulikuwa na mlima, na Rwanda milima haikatiki. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kama kilomita 160. Tulitumia muda mrefu kuliko ninavyotumia hapa kwetu kwa umbali huo na sikuona sababu ya kujilaumu. Kioo cha pembeni cha kushoto, ambacho nyumbani nakitumia kupaki tu, kilikuwa ndicho cha maana, maana wanaokupita wanatokea huko. Nilijikuta nakitazama cha kulia kwa mazoea na kuona migomba tu.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Watu wanadhani hatari ni katikati ya magari mengi. Magari mengi yanakufundisha, unafuata mkia wa mwenzako. Hatari ni barabara tupu, tena baada ya kula. Kabla ya Kayonza tuliona mgahawa upande wa kushoto, nikavuka vizuri, tukaingia. Tulikula ndizi za kupika na nyama ya mbuzi, watoto wakanywa Fanta, nikaridhika, nikasahau niko wapi. Tukarudi garini. Mbele yangu barabara, Kigali iko kushoto kwangu. Nyumbani hiyo ni kona rahisi kuliko zote: unaangalia kulia, pakiwa peupe unaingia kushoto, basi. Niliangalia kulia. Peupe. Nikaingia kushoto, gia ya pili, gia ya tatu, naongea habari za bei ya mbuzi.

Kwa mbali nikaona baiskeli inakuja na mikungu miwili ya ndizi, mmoja kila upande. Nikawaza, huyu mbona anapita upande wangu? Ndiyo mawazo ya mtu aliyekosea, anamshangaa aliye sahihi. Jamaa hakupiga kelele. Alishuka kwenye baiskeli, akaisogeza majanini, akanyoosha mkono mmoja kuonyesha upande wa pili, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Wakati huohuo mama Asia akapiga ukelele:

“Baba Asia! Mtaroni niko mimi!”

Nilihama. Hakukuwa na gari, Mungu anajua. Nilisimama mbele kidogo, mikono imelowa, na hakuna aliyesema neno kwa dakika nzima. Tangu hapo kila nikiwasha gari, kabla sijatoa breki ya mkono, mkubwa wetu anauliza kwa sauti, “Nani mtaroni?” nami najibu, “Dereva.” Jibu likichelewa haturuhusiwi kuondoka. Nawashauri wenye watoto wawape kazi hiyo, wanaipenda kupita kiasi. Na ukitoka sheli, mgahawani, au kwenye njia ya vumbi, usiangalie upande mmoja tu. Gari la karibu linatokea kushoto, siyo kulia ulikozoea.

Kutoka Kayonza hadi Rwamagana nilienda kwa mwendo wa harusi, na hiyo ikanisaidia kwa jambo jingine: Sofia. Ndivyo Wanyarwanda wanavyoziita kamera za mwendo. Sisi tumezoea trafiki na tochi, na tumezoea pia udugu wa kupigiana taa, anayekuja anakuonya kwamba huko nilikotoka kuna tochi. Sofia hapigiwi taa. Amesimama pembeni kimya, mvua jua, na huwezi kumwambia “afande, tuelewane.” Vibao vya 60 vilikuwa vingi, nami niliviheshimu hata pale pasipo na mtu. Mwenyeji wetu Kigali alinisifu kwamba sikupata hata faini moja. Sikumwambia habari za baiskeli.

Kigali unaingilia Kabuga, unapita uwanja wa ndege Kanombe, unafika Giporoso kwenye taa, Remera, halafu unateremkia kule kwenye jumba kubwa la mikutano lenye kuba linalowaka rangi usiku. Mbele yake kuna kipilefti. Kubwa, ina majani yaliyokatwa kama kichwa cha mwanafunzi. Na hapo ndipo lugha yenyewe ilinisaliti. Maisha yangu yote mzunguko wa barabara unaitwa kipilefti, jina lenyewe ni amri ya kukaa kushoto, na mimi nimekaribia, kichwa kinasema kipilefti, mikono inataka kutii. Kule unaingia kwa kulia, unazunguka kinyume cha saa, na walio ndani ya mzunguko wanakujia kutoka kushoto. Niliingia salama nyuma ya teksi, lakini kutoka sikuweza. Kila njia ya kutokea naikumbuka nikiwa nimeshaipita. Tulizunguka mara tatu. Watoto wakawa wanalipungia mkono lile jumba kila likipita. Nikawaambia kuanzia leo hii ni kipiraiti, na hilo jina tumelileta nyumbani.

Kulikuwa na mengine ya kuzoea. Kwenye vivuko vya waenda kwa miguu magari yanasimama kweli, na ukisita anayekufuata nyuma anakushangaa. Bodaboda, wao wanaziita moto, abiria naye anavaa helmeti. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi za pamoja za usafi na ujenzi, asubuhi hadi saa tano. Tulikuwa tumepanga kwenda soko la Kimironko mapema siku hiyo, mwenyeji akatuambia wekeni funguo mezani. Nilishika jembe na baba zangu wa mtaa tukazibua mfereji. Mtaro tena.

Siku ya kurudi nilikuwa bingwa. Rusumo tulivuka, nikahamia kushoto bila kumfuata mtu, nikapumua, nikatoa tepu kwenye taa palepale mpakani. Benaco tukasimama kunywa chai na chapati. Tukapanda, injini ikawaka, tukaondoka huku naimba. Mita mia mbili hivi mbele, mkubwa amesinzia, mama Asia akachungulia dirishani kwake, akatazama mstari wa katikati ukipita chini yake, akanigeukia taratibu.

“Baba Asia,” akasema, “mbona mtaroni uko wewe?”