Tumeenda Wasini kuuliza watu kama wameshainuka

Nauli ya Likoni kwenda Ukunda ilipanda corona ilipoingia, tukaambiwa ni kwa sababu matatu zinabeba nusu. Haya. Agosti 2021 serikali ya Kenya ikaruhusu gari zijaze tena, zikajaza kweli, lakini nauli ikabaki kulekule juu. Mi nasafiri Novemba mwaka huo bado nalipa ya gari nusu na huku nimebanwa na gunia la mtu na kuku wake. Na safari yenyewe ni ya kwenda kuuliza watu wameinuka vipi baada ya corona, mimi hakuna aliyeniuliza.

Kazi ilikuwa utafiti wa kusaidia serikali kujua isaidie nani kwanza na kwa njia gani. Mwaka wa kwanza wa corona utafiti mwingi ulifanywa kwa simu kwa sababu nani angeingia nyumba ya mtu, sasa shida ya simu ni kwamba asiyekuwa nayo hapatikani na mwenye nayo mara nyingi ndiye mwenye afadhali. Kafyu ilipoondolewa Oktoba 20, 2021 tukatumwa kwa miguu yetu na tableti. Ukunda na Msambweni naziruka, kote ilikuwa jua na milango iliyofungwa.

Shimoni, pa kupandia boti kwenda kisiwa cha Wasini, ndiko tulikotiwa adabu. Nahodha kijana katuona na mabegi na jaketi zetu za mradi akajua hawa si wa hapa, akataja 3,000 kwa watu watatu kwenda na kurudi, na mama mmoja wa kisiwani na ndoo zake analipa sarafu mbele ya macho yetu. Tukabishana weee, yeye anaangalia bahari tu, anasema maji yanapwa, mkichelewa mtatembea. Tukalipa. Na bado tukatembea! Ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, boti ikasimama na sisi tukashuka kwenye majani na matumbawe, suruali zimekunjwa, tableti kichwani, mwenzangu na viatu vyake vya ofisi ameteleza akakaa kitako majini tableti juu kama bendera. Alichookoa ni tableti, kwa sababu ikiharibika unakatwa mshahara. Halafu kurudi ofisini wanataka risiti ya boti. Risiti!

Wasini hakuna gari na hakuna maji matamu ya kuchimba, walikuwa wanategemea ya mvua na ya kuvushwa. Kilicholeta pesa ni wageni: pomboo wa hifadhi ya bahari ya Kisite, na ile njia ya mbao ya kina mama juu ya bustani ya matumbawe, mgeni anaingia kwa kiingilio. Ndege za nje zilisimamishwa mwisho wa Machi 2020 mpaka Agosti 1, na hata ziliporudi wageni hawakurudi nazo kwa fujo.

Nyumba yangu ya kwanza nilimkuta mzee barazani anafuma wavu. Shikamoo, marahaba, nikasoma yale maneno ya ridhaa, akaitikia, tukaanza.

"Corona ilipoingia ulisimama kazi?"

"Nilisimama."

"Sasa umerudi kazini?"

"Alhamdulillahi, nimerudi."

"Ni kazi ile ile?"

"Ile ile, baharini."

Natia ndiyo, natia ndiyo, tableti ikaruka maswali mengi kwa mpigo kwa sababu kwa hesabu zake mzee ameshainuka. Yeye akacheka. "Mwanangu, mbona hukuniuliza boti ya nani?"

Basi akaniwekea yote. Alikuwa na boti yake na mashine ya nguvu ya farasi 40, asubuhi anapeleka wageni kwa pomboo, wageni wakipungua anavua. Corona ikaja, wageni wakakatika, akasema si neno, nitavua. Kafyu ikawekwa saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na wao kuvua kwao ni usiku. Hoteli za Diani zikafungwa, kwa hiyo hata samaki wa mchana anunuliwe na nani? Tajiri anayenunua samaki akawa anataja bei anayotaka. Juni mzee akamuuzia tajiri huyo huyo mashine, na Agosti boti ikafuata. Sasa wageni wanarudi kidogo kidogo, mzee anashika usukani wa boti aliyoinunua mwenyewe, analipwa kwa safari, na akivua lazima auze kwa tajiri.

Nikafika swali la mali: katika miezi 3 iliyopita, je, mliuza chochote ili mpate chakula? Akanitazama. "Hapana. Nilishauza mwaka jana, sasa niuze nini, huu wavu?" Fomu inataka hapana, nikatia hapana. Hadithi yote nikaibana kwenye kale kakisanduku ka maoni mpaka kakakataa herufi.

Usiku Shimoni (chumba 1,200, neti ina matundu, feni inazunguka ikitaka) nilikuwa namuwaza mama mmoja wa Mtwapa. Alikuwa anauza viazi karai kwa wafanyakazi wa hoteli, zilipofungwa akauza friji, sasa amerudi na karai lake lakini juisi hauzi tena kwa sababu aiweke wapi. Naye akipigiwa simu atasema nimerudi kazini. Kodi ya VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, Januari 2021 ikarudi 16, mama anasema dukani hakuona kushuka, kupanda alikuona. Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vibarua vya usafi, nayo ilikuwa ya vijana wa mitaa ya mabanda mijini, yule mzee wa Wasini angepewa barabara ipi afagie?

Tuliporudi nikamwambia supavaiza kwamba hao tunaowatia ndiyo wengine ni vibarua kwenye vyombo walivyouza, na swali la miezi 3 haliwezi kuwakamata. Akasikiliza, nampa haki yake. Awamu iliyofuata swali likasomeka "tangu Machi 2020". La kuuliza waliuza kwa nani halikuingia, ati fomu itarefuka na watu watachoka.