Moyo Ulipanda Mlima Nikiwa Benchini

Siku ile niliamua kutoiamini mashine ya kupima mapigo ya moyo, na sababu nilikuwa nazo.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa saa ya mkononi, ile yenye taa ya kijani kwa chini. Asubuhi za Juni hapa Mbeya, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, ilikuwa inanisomea mapigo 80 huku napandisha mlima kwa baiskeli na kuhema kama mvukuto. Baridi ikizidi damu huukimbia mkono, na taa inabaki inamulika ngozi tupu. Nikahamia mkanda wa kifuani, ambao hausomi kwa taa bali kwa umeme wa moyo wenyewe, na namba zake nazisoma kwenye kioo cha saa niliyoifunga usukanini. Nao una vituko vyake. Ukiuvaa mkavu, dakika kumi za mwanzo unaweza kushuka mteremko bila kupiga pedali na kioo kikaandika 200. Jasho likishaulowesha, unatulia. Kwa hiyo kufikia mwaka 2019 nilikuwa mtu mzima wa miaka 38 niliyekwisha dhulumiwa na vifaa viwili, na nilijiona mjanja.

Mwenzangu wa safari za Jumamosi alikuwa fundi baiskeli wa Mwanjelwa, kijana wa kwaya ya Moravian, mwimbaji wa besi. Yeye hakuwa na kifaa chochote. Kipimo chake kilikuwa Biblia. Mkiwa mlimani anakugeukia: "Kaka, vitabu!" Unatakiwa uanze Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, Hesabu, Kumbukumbu la Torati, kwa pumzi moja. Ukifika Torati bila kukatika, hiyo ni safari ya kutwa nzima, hutachoka. Ukikata pumzi kwenye Walawi, umeanza kazi. Ukiishia Mwanzo, yeye anacheka na kuongeza mwendo. Wataalamu wa mazoezi nao hutumia kipimo cha namna hiyo, cha kumwongelesha mtu, ila sijui kama wana wimbo mzuri kuliko huu.

Mimi nilikuwa na daftari. Kila safari niliandika namba mbili: mapigo ya moyo, na namba ya jinsi kazi inavyohisiwa mwilini, kuanzia 6 hadi 20. Kipimo hicho cha pili ni cha Msweden Gunnar Borg. Mwanzoni nilishangaa mtu gani anaanza kuhesabu na 6, mpaka nikaielewa hesabu yake: 6 ni umekaa tu, 20 ndiyo mwisho wa nguvu zako, na ukizidisha kwa kumi unapata takriban mapigo ya kijana mwenye afya. Kwangu namba hizo mbili hazikulingana sawasawa, lakini zilitembea pamoja kama watu wa nyumba moja. Kwenye gia nzito nikikanyaga taratibu, miguu inaungua na moyo umetulia. Kwenye gia nyepesi nikichezesha miguu haraka, miguu inapumzika, moyo ndio unaolipa. Tofauti ndogondogo hizo nilishazizoea. Kutoka Igawilo kupandisha kuelekea Isongole, daftari lilikuwa likisema 13 na 138, au 14 na 145, wiki hata wiki.

Jumamosi yenyewe ilikuwa katikati ya Mei. Mvua zilikuwa zimeanza kuaga, barabara kavu, malori ya kwenda Kasumulu yakitupita kwa kishindo na Fuso za ndizi za Tukuyu zikiteremka upande wetu wa pili. Tuliachana na barabara kuu pale Uyole tukashika ya Tukuyu. Mwili ulikuwa safi. Nasema safi kwa sababu nimejiuliza mara nyingi baadaye kama kulikuwa na kitu, na sikumbuki kitu. Miguu ilikuwa inazunguka yenyewe.

Tulipoanza kupanda nikatupa jicho kwenye usukani: 161.

"Kaka, vitabu!"

Nikavitoa vyote vitano, nikaongeza Yoshua na Waamuzi kwa ufahari. Kijana akapiga kengele kunipongeza. Kioo kikasema 166.

Nikajua: mkanda. Nikasimama kando chini ya milingoti, nikavuta fulana, nikaulowesha kwa maji ya chupa, na sehemu za pembeni nikazitemea mate kama tunavyofanya siku zote. Tukaendelea. 164, 167, 166. Mkanda ukiwa unadanganya, namba huruka kama panzi, kutoka 90 kwenda 190. Hizi hazikuruka. Zilikuwa zimekaa pale juu kama mtu aliyeketi kwenye kiti chake.

Nikasimama tena. Mwenzangu akaanza kununa, maana ukisimama mlimani kuanza tena ni adhabu. Nikaweka vidole viwili shingoni, nikaangalia sekunde 15. Mapigo 40. Zidisha kwa nne: 160, na hapo nilikuwa nimeshasimama.

Sasa hapo mtu mwenye akili angegeuza. Mashine inasema 160, vidole vyangu mwenyewe vinasema 160, kilichobaki ni kuuliza kwa nini. Mimi nikaanza kuutetea mlima. Kahawa: nilikunywa vikombe viwili vya kahawa ya Mbozi alfajiri, na kahawa kweli huchangamsha moyo. Usingizi: usiku ule nililala kwa muda wa saa tano tu hivi. Nikafikiria hata ule upandaji wa polepole ambao moyo huwa nao kwenye safari ndefu za jua, maji yakipungua mwilini kwa jasho na moyo kulazimika kupiga zaidi kwa kazi ileile. Lakini tulikuwa hatujamaliza hata saa nzima, tena kwenye baridi. Hiyo sababu niliiacha. Mbili za kwanza nikazishika.

"Miguu inasemaje?" aliuliza kijana.

"Miguu inasema twende."

"Basi twende, kaka. Moyo utatukuta juu."

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Kipimo chake kilikuwa kinampa jibu lilelile: mtu anayefika Waamuzi kwa pumzi moja hana shida. Tulikuwa na hisia mbili, yake na yangu, zote zikikubaliana, dhidi ya namba moja. Kura zilipigwa na namba ikashindwa.

Tulifika Isongole ukungu ukiwa umelala barabarani. Pale ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari na kila mtu hutetemeka, hata muuza viazi ana koti la sufu na kitenge juu yake. Kwa hiyo nilipoanza kutetemeka sikuona ajabu. Tukakaa kwenye benchi la mama mmoja wa chai. Akatuletea viazi vya kuchemsha na chumvi. "Karibuni, nkamu, vya moto." Nikashukuru kwa Kinyakyusa changu cha kuokoteza, "Ndaga," akacheka.

Kiazi hakikupita. Nilikitafuna, kikabaki mdomoni kama pamba. Nikasingizia chumvi.

Tulikaa karibu nusu saa. Mwenzangu alikuwa akisimulia habari za mteja aliyeleta baiskeli yenye cheni iliyotiwa mafuta ya kupikia, hadithi nzuri, na mimi nilikuwa nacheka mahali panapostahili. Kisha nikainamisha macho kwenye saa niliyokuwa nimeichomoa usukanini na kuiweka pembeni ya kikombe. 118.

Nikaangalia tena. 119. 118.

Kwa kipimo cha Borg hapo nilikuwa 6, haiendi chini zaidi. Mtu amekaa kwenye benchi, ameshika kiazi, miguu haifanyi lolote, na moyo wake unapanda mlima peke yake. Kahawa ya alfajiri haifanyi hivyo. Nilimwonyesha kijana. Akaacha hadithi ya cheni katikati.

"Kaka, wiki iliyopita ulikuwa wapi?"

"Mjini. Kazini."

"Kabla ya hapo?"

Kabla ya hapo nilikuwa Kyela msibani, siku tatu, nikilala na wanaume wenzangu kwenye turubai, nje, bila chandarua. Kyela iko chini karibu na Ziwa Nyasa, joto na mbu, na mvua za Aprili zilikuwa zimeacha madimbwi kila mahali. Nilihesabu kwa vidole. Zilikuwa zimepita siku 12.

Baiskeli zilipanda juu ya Hiace, mimi nikakaa kiti cha nyuma nimejifunika koti la kondakta. Tulipofika Uyole meno yalikuwa yanagongana na hakukuwa na ukungu wa kusingizia. Kwenye zahanati walinitoboa kidole, tone moja kwenye kipimo cha haraka, nikasubiri kama dakika 15 nikitazama mstari wa pili ukijitokeza. Joto lilikuwa 39.2. Nikapewa dawa mseto, vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara, na mke wangu akavisimamia kwa kikombe cha maziwa kamili kama askari wa zamu.

Siku ya nne, kichwa kikiwa chepesi, kijana alikuja kunijulia hali na machungwa ya Kyela, kwa utani wake. Nilimwomba anijazie daftari kwa kuwa mkono wangu ulikuwa bado unatetemeka. Nikamtajia: Igawilo hadi Isongole, 12, na 166. Benchini, 6, na 118. Akaandika vizuri, herufi za mtu wa kwaya, halafu akafika kwenye safu ya mwisho ya maoni, ambayo mimi huandikaga upepo, au gia, au nimelala vibaya.

Hakuniuliza. Aliandika "Kyela", akapiga mstari chini, akaanza kumenya chungwa.