Kabla ya kutolewa mtoto wa jicho, mwambie daktari kazi yako

Mimi ni dereva wa teksi hapa Nairobi, na riziki yangu kubwa ni ya usiku: kuwachukua abiria uwanja wa ndege na kuwafikisha Westlands, Kilimani au Ruaka. Kilichonipeleka kwa daktari wa macho ni taa za magari yanayokuja mbele. Kila taa ilikuwa ikitawanyika na kuzungukwa na duara la mwanga, na kwenye Barabara ya Mombasa mstari wa katikati ukawa hauonekani. Wakati huohuo ujumbe wa M-Pesa nilikuwa nausoma bila miwani niliyoitegemea miaka mingi. Mke wangu akasema macho yanarudi ujanani.

Hayakuwa yakirudi. Daktari alinitia matone ya kupanua mboni, akachungulia kwa mashine yake, akasema nina mtoto wa jicho pande zote mbili, kulia kukiwa kubaya zaidi. Nyuma ya mboni kuna lenzi, ambayo ujanani huwa angavu. Umri ukisonga, protini zake hugandamana, ukungu ukaingia. Katikati yake inapokuwa ngumu hupinda mwanga zaidi, ndiyo sababu vya karibu vilinijia vizuri kwa muda huku vya mbali vikipotea. Kisukari, ninachougua, huharakisha hali hiyo. Vivyo hivyo sigara, jeraha la jicho na kutumia steroidi kwa muda mrefu. Hakuna matone, asali wala mitishamba inayoondoa ukungu huo. Na ule ushauri wa zamani kwamba usubiri mpaka mtoto wa jicho akomae umepitwa na wakati. Anatolewa pale anapokuzuia kufanya shughuli zako. Akiachwa sana, lenzi huwa ngumu na kazi ya daktari huwa ngumu pia.

Ninachotaka kila mtu akielewe ni kipimo cha lenzi ya bandia, ile inayowekwa mahali pa lenzi yenye ukungu inayotolewa. Mashine hupima urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake cha mbele, kisha nguvu ya lenzi ikachaguliwa. Lenzi ya kawaida huona vizuri umbali mmoja tu.

“Mzee, unafanya kazi gani?”

“Naendesha gari, daktari, tena usiku.”

“Basi tukuwekee ya mbali. Kusoma utavaa miwani.”

Kwa mshonaji jibu lingeweza kuwa tofauti. Ziko pia lenzi zinazoonyesha karibu na mbali, ghali zaidi, lakini zinaweza kuleta miduara kuzunguka taa usiku, jambo lilelile nililokuwa nalikimbia. Kwa hiyo sema kazi yako hata usipoulizwa.

Sema na dawa zako. Mimi natumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume, na nani angedhani inahusiana na jicho? Dawa hiyo huilegeza ile sehemu ya rangi inayozunguka mboni, ikapepea katikati ya upasuaji. Hata kama uliacha kuimeza zamani, daktari anahitaji kujua ili ajiandae. Sukari yangu nayo ilikuwa juu, tukangoja kliniki iishushe.

Kijana wangu aliogopa kwamba mwili ungeikataa lenzi ya plastiki. Daktari akamweleza kuwa ya kwanza iliwekwa na Harold Ridley huko London mwaka 1949, baada ya kuona kuwa vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za kivita vilikaa machoni mwa marubani bila kuleta madhara makubwa.

Siku yenyewe nilichomwa sindano kando ya jicho, likafa ganzi. Nilikuwa macho muda wote, nimefunikwa uso kwa kitambaa kilichoacha jicho moja. “Baba, ukitaka kukohoa, sema kwanza,” sista akaniambia. Sikuona kisu. Niliona mwanga mweupe, halafu waridi na buluu zikielea, maji yakinitiririka kuelekea sikioni na mashine ikinguruma. Mawimbi ya sauti huvunja lenzi kupitia tundu lisilozidi milimita 3, vipande vikafyonzwa, lenzi mpya ikaingizwa ikiwa imekunjwa na kujifungua ndani. Hakuna uzi. Njia nyingine ya mkono, yenye tundu kubwa kidogo, hutumika sana nchini na huponya vizuri, hasa lenzi ikiwa ngumu. Yangu haikumaliza nusu saa.

Bandeji ilipotolewa kesho yake, sare ya sista niliyoiona ya kijivu ilikuwa buluu. Nikaanza matone ya antibiotiki na steroidi kwa wiki kadhaa, kifuniko cha kukinga jicho usiku, bila kusugua, bila kuinua mizigo ya abiria, na bila usukani mpaka daktari aliporuhusu. Kukwaruza kama mchanga ni kawaida siku za kwanza. Maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, uoni unaoshuka, mimweko au kivuli kama pazia ni vya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Ukungu ukirudi baadaye, mara nyingi ni utando wa nyuma ya lenzi, nao hufunguliwa kwa leza kwa dakika chache.

Hospitali za Kenyatta, Lions ya Loresho na Kikuyu hufanya upasuaji huu. Uliza mapema SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa nini na wewe utabaki na nini, kwa kuwa bei hubadilika kulingana na lenzi. Jicho la kushoto nimepangiwa mwezi ujao, na kaka yangu ndiye atakayenirudisha nyumbani.