Mitoki mitano kati ya 18

Wiki iliyopita mwanangu alikuwa akijaza fomu ya bima, akafika kwenye swali linalouliza kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuugua saratani. Akaniuliza, "Babu si alikuwa na ya tumbo? Ilirudi, au haikurudi?" Nilimwambia aandike ndiyo. Swali lake la pili halikuwamo kwenye fomu, nami tangu siku hiyo sijaacha kuliwaza.

Mengine nitayapitia haraka. Baba alitibiwa vidonda vya tumbo kwa muda mrefu, mpaka alipoanza kutapika na kukonda. Akapimwa kwa kamera, akakatwa kipande kidogo cha nyama ya kupimwa, akapelekwa Dar es Salaam na kuondolewa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Alirudi nyumbani Ngamiani, Tanga, akila vijiko vichache mara nyingi kwa siku. Ninachokikumbuka kama cha jana ni asubuhi tuliyopeleka majibu ya maabara kliniki ya hospitali ya Bombo.

Daktari alikuwa kijana. Alimwamkia Baba shikamoo, akafungua bahasha, kisha akaanza kunieleza mimi. Baba akamkatiza: "Mwanangu, tumbo lililopasuliwa ni langu. Nisomee mimi." Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, na hakuwahi kutia sahihi shehena ya kusimuliwa.

Basi akasomewa. Kingo za mahali palipokatwa zilikuwa safi, hazikuonekana kuwa na seli za saratani. Baba akakubali kwa kichwa. Lakini uvimbe ulikuwa umepenya tabaka zote za ukuta wa mfuko hadi utando wa nje, tabaka ambazo daktari alituchorea kwa kalamu nyuma ya ile bahasha. Seli zake zilikuwa za ile aina inayosambaa mojamoja bila kushikana, zikiwa na umbo la pete ya muhuri, na baadhi zilikwisha kuingia katika vishipa vidogo. Na mitoki mitano, yaani vile vitezi vya kinga vilivyo karibu na mfuko, ilikutwa na saratani.

"Mitano kati ya mingapi?" Baba akauliza.

Daktari akarudi kwenye karatasi. "Kati ya 18, mzee."

"Na inatakiwa ihesabiwe mingapi?"

Nadhani hapo ndipo kijana yule alipomtazama Baba sawasawa kwa mara ya kwanza. Akamweleza kwamba inashauriwa isipungue 16, kwa sababu ikichunguzwa michache, ile yenye saratani inaweza kukosekana katika hesabu, na mgonjwa akaambiwa ana nafuu asiyokuwa nayo. Baba akacheka kidogo, akasema ni kama meli: ukifungua makasha mawili ukayakuta mazima, huwezi kuandika kwamba shehena yote ni nzima. Kisha akauliza kama itarudi.

Daktari hakusema ndiyo wala hapana. Alisema kila moja ya mambo yale, yaani kina cha uvimbe, idadi ya mitoki, aina ya seli na kuingia kwake katika vishipa, huongeza uwezekano wa kurudi. Kwamba saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi katika miaka 2 au 3 ya mwanzo. Na kwamba aina ile huelekea zaidi utando unaofunika viungo vya tumboni kuliko ini. Kingo safi ni jambo jema, akasema, ila halifuti hayo mengine.

"Na ng'onda?" Ni shangazi huyo, dada yake Baba, ambaye tangu upasuaji alikuwa amepiga marufuku samaki wa chumvi nyumbani.

Daktari alimjibu kwa heshima. Vyakula vya chumvi nyingi, sigara, na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye tangu 1994 anahesabiwa rasmi miongoni mwa visababishi vya saratani, huchangia ugonjwa kuanza. "Lakini kilichouleta na kitakachourudisha si lazima viwe kitu kimoja, mama." Sigara aiache na bakteria atibiwe, kwa kuwa hata sehemu ya mfuko iliyobaki inaweza kuota saratani mpya, dripu za dawa azimalize, na kliniki asikose. Mengine yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Shangazi hakuridhika, nami nilimwelewa: ng'onda unaweza kuificha kabatini, lakini mitoki mitano huwezi kuipunguza iwe mitatu.

Baba alizimaliza dripu zake. Katika mwaka wa pili tumbo likajaa maji. Alipoelezwa, aliuliza tu kama maji yenyewe yamepimwa. Yalikuwa yamepimwa, na seli zile zilikuwamo. Karatasi ilikuwa imesema kweli, ingawa shangazi hadi leo anakilaumu kipande cha papa alichokula Baba sikukuu ya Idi.

Ningekuwa upande wa karatasi moja kwa moja, isipokuwa yuko mama mmoja wa Pangani tuliyezoeana naye kwenye foleni ya dripu. Yeye alikutwa na mitoki tisa, na miaka mingi imepita, bado yuko na anatembea. Nilipomsimulia shangazi habari zake, jambo la kwanza aliloniuliza ni kama mama huyo anakula ng'onda. Sikujua nimjibu nini, kwa maana anakula, tena nyumbani kwao ndiko wanakoikausha.